Redio Iliyosoma Majina

Hotel Rwanda inaanza gizani. Kabla hujaona mtu wala mtaa wa Kigali kuna kioo cheusi na sauti ya redio: mtangazaji wa RTLM anawaeleza wasikilizaji wake kwa nini anawachukia Watutsi. Filamu hii ya mwaka 2004 nimeitazama mara nne, ya kwanza kwenye banda la video tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, na mwanzo ule haujawahi kunichosha. Mwongozaji Terry George alijua kwamba redio haihitaji sura ili itishe.

Ugomvi wangu na filamu hii uko mwishoni. Familia ya Paul inafika kambini, nyuma ya mstari wa RPF, na basi linasubiri. Tatiana anawatafuta watoto wa kaka yake, na wanaonekana pale pale, katikati ya yatima. Wanakumbatiana, wanapanda basi, muziki unaingia. Yaani walipatikana kwa macho.

Sasa mpelekee mwisho huo mtu wa Ngara aliyekuwa na akili zake mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne hivi. Benaco, ambako kabla ya hapo hakukuwa na mji, ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi hii. Kwenye umati wa namna hiyo mtoto aliyeachia mkono wa mama yake humtafuti kwa macho, hata kama yuko mita mia mbili kutoka ulipo. Unamtafuta kwa jina, na jina linahitaji chombo cha kulibeba.

Chombo hicho kilikuwepo. Mwaka huo huo wa 1994 BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachokutanisha familia. Yalirushwa kwa masafa mafupi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa hiyo tu: fulani, mtoto wa fulani, kutoka kilima fulani, anawatafuta ndugu zake, na yeye yuko mahali fulani. Anamaliza mmoja, anafuata mwingine. Ukiyaangalia kama utunzi, hakuna hadithi hapo. Kuna orodha.

Sisi tuliokulia Tanzania orodha hiyo tunaijua. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitulea na matangazo ya vifo: jina la marehemu, siku na mahali pa mazishi, halafu ile habari ziwafikie, ikifuatwa na majina ya ndugu walikotawanyika, mmoja Biharamulo, mwingine Tanga, mwingine Mbeya. Bibi zetu walikuwa wanaamuru nyumba nzima inyamaze. Hakuna mwalimu wa fasihi aliyewahi kuniambia kwamba ule ni utanzu. Mimi nasema ni utanzu, tena mgumu, kwa sababu msomaji haruhusiwi kuweka huzuni yake ndani. Akilia, atalimeza jina.

Kwenye masafa mafupi jina linaweza kumezwa hata kama msomaji ni hodari. Mawimbi ya FM huenda karibu kwa mstari ulionyooka, kilima kikikaa mbele umekosa. Masafa mafupi hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga, yakarudi chini maelfu ya kilomita mbali. Ndiyo maana BBC iliweza kuweka mitambo kisiwani Mahé, Shelisheli, kuanzia 1988 hadi 2014, na ikasikika huku bara. Lakini tabaka lile halitulii. Mchana linapitisha vizuri masafa ya juu, usiku unashuka kwenye mita bendi 49 au 41, na sauti huja na kuondoka kama mtu anayesema huku anatembea. Fikiria sasa umekaa chini ya turubai, watu ishirini mmezunguka redio moja, betri zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya nusu saa, na msomaji anatamka jina la mwanao huku mkwaruzo unapita. Alisema Mukamana au Mukamusoni? Hakuna wa kumwambia rudia.

Mwaka 2019, nikiwa kwenye safari ya kikazi, nilikaa na fundi redio mmoja Lusahunga, pale malori ya kutoka Rusumo yanapopumzika. Ni mzee sasa. Nilimuuliza mwaka ule wateja walileta redio za namna gani. Akacheka.

“Redio mbovu ilikuwa kazi ndogo, mwanangu. Watu walitaka waya.”

“Waya wa nini, mzee?”

“Wa antena. Unafunga kwenye antena ya redio, unapandisha kwenye mti. Wengine waliniletea waya wa kitanzi cha mtego.”

Nilipomuuliza kama na yeye alielewa yaliyosomwa, alinitazama kama mgeni, na kweli nilikuwa mgeni. Yeye kwao ni Ngara, Mhangaza, na Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu kabisa. Alielewa kila jina. Wenyeji wa Ngara walisikiliza orodha ile usiku baada ya usiku bila kuwa na mtu wanayemtafuta. Sijaona riwaya ya Kiswahili iliyomchukua msikilizaji huyo, na nimetafuta.

Hapa lazima niseme jambo linaloharibu uzuri wa hoja yangu. RTLM nayo ilisoma majina. Ilitaja watu na mahali wanapopatikana, na wauaji wakaenda. Ukiandika kwenye karatasi, tangazo la kuwinda na tangazo la kutafuta vinakaribiana kuliko tunavyopenda: jina, na mahali. Isitoshe, si kila aliyevuka Rusumo alikuwa anakimbia kuuawa. Wengine walikuwa wanakimbia walichokifanya, na walikaa kwenye kambi zile zile, karibu na redio zile zile. Mtu aliyepeleka jina lake lisomwe alikuwa anawaambia ndugu zake yupo wapi, na alikuwa anawaambia wengine pia. Wapo bila shaka waliopima hilo wakaamua kubaki wamepotea.

Filamu ambayo ingeshika mambo haya mawili kwa pamoja ingekuwa kubwa. Raoul Peck aliikaribia mwaka 2005 na Sometimes in April, ambamo Honoré, mtangazaji wa redio, yuko kizuizini Arusha na ndugu yake Augustin anamfuata huko. Ni filamu bora kuliko Hotel Rwanda, sioni haya kusema. Lakini hata Peck anamtazama anayesema. Anayesikiliza, aliyeshika kile kitufe na kukizungusha kwa unywele mmoja, hana jina.

Sababu moja naidhani ni ya kiofisi tu. Mahakama ya Arusha ilikusanya kanda za RTLM, zikatafsiriwa, zikabishaniwa, hukumu ya kesi ya vyombo vya habari ikatoka tarehe 3 Desemba 2003. Chuki ikapata makabrasha yake, na mwandishi wa filamu anahitaji makabrasha. Hakuna mwendesha mashtaka anayeitisha kanda ya mtu aliyesoma vizuri majina ya watoto.

Ngara yenyewe ilipata redio yake mwaka 1995, Radio Kwizera, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. FM, karibu, Kiswahili na lugha za wageni, na wenyeji wakasikia habari zao kwa mara ya kwanza bila mkwaruzo. Siibezi hata kidogo. Ila nakataa ile lugha ya kusema FM ilikuja “kuchukua nafasi”. Januari 2011, bajeti ilipokatwa, BBC ilitangaza kwamba itaacha masafa mafupi kwa Kiswahili na kwa idhaa ya Maziwa Makuu, na wasikilizaji watapata matangazo kwa FM. Oktoba 2014 Rwanda ikasimamisha matangazo ya BBC ya Kinyarwanda kwa hasira ya filamu ya televisheni. FM ya Kigali inazimwa Kigali. Wimbi linaloshuka kutoka angani ni shida kidogo kulizima.

Yule fundi bado alikuwa na redio yenye bendi zote, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jioni ile aliiwasha anionyeshe. Tukapata mahubiri, tukapata mluzi mrefu, akasogeza kidogo, tukapata Wachina wakisoma habari kwa Kiswahili kilichonyooka. Akaongeza sauti, akarudi kwenye waya aliokuwa anauchoma risasi.