Huria, Toleo na Msaragambo: Maoni juu ya Majina ya Programu za Kompyuta

Programu za kompyuta ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa huitwa katika Kiswahili programu huria. Jina hili limekubaliwa upesi, wala halina kosa la sarufi. Hata hivyo jina la fani halipimwi kwa sarufi tu. Hupimwa pia kwa jambo linaloliangaza na kwa jambo linaloliacha gizani. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba huria hutaja sehemu moja tu, yaani haki ya kuchota. Kwamba neno toleo, lililowekwa kando yake, limeongeza upungufu huo. Na kwamba neno la kuujaza laweza kupatikana katika milima ya Upare, wilayani Same, ambako desturi ya kuchota na kutunza kwa pamoja ni ya zamani.

Msomaji wa Tanzania akutanapo na neno huria hukumbuka mambo mawili. La kwanza ni Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho kiliwafungulia mlango watu waliozuiwa na masharti ya vyuo vingine. La pili ni soko huria, usemi ulioenea serikali ilipolegeza mkono wake katika biashara tangu miaka ya 1980. Katika yote mawili maana inayotangulia ni kuondolewa kizuizi. Hapana katika huria dokezo lolote la wajibu. Aendaye soko huria hununua akipenda, huondoka akipenda, na hadaiwi kufagia soko.

Waasisi wa programu hizi hawakuishia hapo. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwezi wa Septemba 1983 kwa ajili ya uhuru wa mtumiaji; lakini leseni ya GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, iliufunga uhuru huo kwa sharti. Mtu agawaye programu aliyoibadilisha ni lazima aigawe pamoja na msimbo wake, na kwa ruhusa zile zile alizozipata yeye. Leseni za ukoo wa BSD hazidai hivyo. Zataka hasa kwamba jina la mwenye kazi na maneno ya leseni yasifutwe. Kiswahili huziita zote huria, na tofauti hiyo hupotea. Ni haki kusema pia kwamba katika jambo moja neno letu lashinda la Kiingereza. Mwaka 1998 baadhi ya Wamarekani walitafuta jina jipya, lenye maana ya chanzo kilicho wazi, kwa sababu neno lao la kwanza lilichanganya huru na bure. Kiswahili kina maneno mawili, na hakikuhitaji hila hiyo.

Upungufu wa jina waonekana vizuri katika historia ya programu huria zenyewe katika Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT +46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisini zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Lilikuwa tendo la heshima. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows XP baadaye kidogo, lakini Jambo OpenOffice ilikuwa na sifa ambayo kazi ya kampuni haiwezi kuwa nayo: kila Mswahili aliyeona neno baya aliruhusiwa kulisahihisha na kuwagawia wenzake.

Ruhusa ilikuwapo, bali programu haikusimama kungoja. Toleo la pili la OpenOffice lilitoka mwezi wa Oktoba 2005, kabla tafsiri ya Kiswahili haijatimiza mwaka mmoja, na kila toleo jipya huleta maneno mapya yanayotaka kufasiriwa. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, mlezi wa OpenOffice. Mwaka huo huo wengi wa waandishi wake walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Na mwaka 2011 OpenOffice yenyewe ilikabidhiwa kwa jumuiya ya Apache. Tafsiri iliyofungwa kwa toleo moja haikuweza kuvuka mito hiyo yote bila watu wa kuivusha. Jina la Jambo OpenOffice leo hukutwa katika maandishi ya historia kuliko mezani kwa karani.

Hapo ndipo neno toleo listahilipo kuchunguzwa. Kitabu kikitolewa kimekwisha. Mwandishi huweka kalamu chini, na toleo la pili, likiwapo, ni neema. Programu ikitolewa ndiyo kwanza imeanza kudai kazi. Kwa kutumia neno moja kwa vitu viwili visivyofanana, Kiswahili kimewazoesha wafadhili na wakuu wa miradi kuhesabu siku ya kutoa kuwa siku ya kumaliza. Si kwamba neno lilisababisha fedha kuisha. Fedha za mradi zina mwisho wake katika kila lugha. Lakini neno lilifanya mwisho huo uonekane kuwa ni ukamilifu.

Desturi ya Upare yatoa kipimo bora zaidi. Katika sehemu za Vudee, Bangalala na Makanya, maji ya milimani hukusanywa katika ndiva, yaani bwawa dogo la udongo. Maji ya mfereji huingia usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Ndiva haina thamani kwa siku iliyochimbwa. Ina thamani kwa siku iliyosafishwa mara ya mwisho. Tope hujaa, kingo hubomoka, mfereji huziba. Kwa hiyo wenye zamu huitwa wote kazini, na asiyefika bila udhuru hutozwa faini au hunyimwa maji. Kazi ya namna hii, inayofanywa na wote kwa wito mmoja, Wapare huiita msaragambo.

Mfano huu una mpaka wake. Maji ya ndiva hupungua kwa kuchotwa. Programu haipungui hata ikinakiliwa mara elfu. Tena leseni hizi hazimtozi faini mtumiaji ambaye hashiriki kazi. Lakini tofauti hizi hazidhoofishi hoja, bali zaitia nguvu. Kwa kuwa programu haipungui, uchakavu wake haujitangazi: mwenye shamba huona tope kwa macho yake, hali mtumiaji wa programu huona kioo kile kile cha jana. Na kwa kuwa leseni haina faini, wajibu wa kutunza hauna mahali pa kukaa isipokuwa katika desturi. Na desturi isiyo na jina ni vigumu kuidai.

Ushahidi wa hayo si wa Kiswahili peke yake. Mwezi wa Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda siri za mawasiliano ya tovuti nyingi mno duniani. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu toleo la mwaka 2012. Waliochota walikuwamo matajiri wakubwa wa intaneti; waliozoa tope walikuwa watu wachache, na fedha zao zilikuwa kidogo. Baada ya ukingo kubomoka ndipo makampuni yakachanga.

Wala wilaya ya Same haiko mbali na mambo haya. Mfumo wa taarifa za afya ulioenezwa katika wilaya zote za Tanzania Bara katika miaka ya kwanza ya 2010 ulijengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyotungwa kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuirekebisha ifae nchi hii na kuwafundisha watumishi wa wilayani. Hesabu za zahanati ya mlimani zikifika salama, ni kwa sababu kuna watu ambao kazi yao ni kuitunza. Programu hiyo na Jambo OpenOffice zote mbili ni huria, na zote mbili zilipita katika chuo kimoja. Neno huria, basi, haliwezi kueleza kwa nini moja ilidumu na nyingine ikafifia.

Yafaa, kwa hiyo, huria libaki kuwa jina la haki, na msaragambo lichukuliwe kuwa jina la kazi: kusahihisha, kufasiri upya, kujaribu na kuziba nyufa. Kanuni ya kuunda istilahi yaruhusu. Kiswahili hutazamwa kwanza, pamoja na lahaja zake. Kisha lugha nyingine za Kibantu. Ndipo lugha za kigeni. Kwa njia hiyo kitivo, neno la Kisambaa na Kipare lenye maana ya ardhi yenye rutuba, liliingia vyuoni, na hapana anayeliona geni.

Pingamizi moja lastahili kusikilizwa. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuipinga kodi ya viwango ambayo watawala wa wakati ule waliipa jina la mbiru, jina la ushuru wa zamani. Isaria Kimambo ameziandika habari za mgogoro huo. Jina lilikuwa la nyumbani, lakini jambo halikuwa lile, na watu hawakutulizwa na jina. Msaragambo nao waweza kuharibiwa vivyo hivyo, ukitajwa na wale watakao kazi ya bure ya wanafunzi na wapenzi wa lugha ili wao wapate faida. Neno lina haki ya kutumika pale tu ambapo aitaye naye hushika jembe, na maji hubaki ya wote.

Limebaki jina la mtu mwenyewe. Mtunzi na mtunzaji hukaribiana katika sauti, lakini asili zao ni mbali: la kwanza latoka katika kutunga, la pili katika kutunza. Uhakiki wa Kiswahili umempa mtunzi sifa zote, na kwa ushairi ni sawa. Katika programu, mtunzaji ndiye anayeamua kama kazi ya mtunzi itasomeka kesho. Makamusi yajayo ya kompyuta yampe kidahizo chake, na miradi ijayo ya Kiswahili imwandikie mshahara wake kabla ya kupanga sherehe ya toleo.