Jicho la Kuchagua Deki

Kasokola ni kata ya Manispaa ya Mpanda, na kifaa chochote cha umeme kinachomfikia mtu wa huko kimeshasafiri nchi nzima. Kimeshushwa melini Dar es Salaam, kikaenda Tabora, kisha kikafuata ile reli ya tawi inayoachana na reli ya Kigoma pale Kaliua, kilomita 210 hivi za misitu ya miombo hadi stesheni ya Mpanda. Au kimekuja kwa barabara, kupitia Sikonge na Inyonga. Mtu wa Dar akinunua deki mbovu ya DVD Kariakoo, kesho yake yuko dukani anaidai haki yake. Wa Kasokola akigundua ubovu, muuzaji wa jumla yuko mbali na nauli imeshazidi hasara. Kwa hiyo kuchagua deki huku kumekuwa ufundi kamili, na wenye ufundi huo nawaheshimu kama ninavyomheshimu seremala anayeujua mninga mkavu kwa kuugonga tu.

Deki haikuwa pambo. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Tanzania Bara tuliipata mwaka 1994, na hata hapo mawimbi yalichukua miaka kufika mikoa ya pembezoni. Katika nyumba nyingi za huku TV ilinunuliwa kwa ajili ya deki. Asiyekuwa nayo alikwenda banda la video, akalipa, akakaa kwenye benchi akaangalia sinema za Hong Kong, za Kihindi, za Kinigeria, na zile alizozifasiri Lufufu wa Dar es Salaam kwa kuweka Kiswahili chake juu ya sauti za waigizaji. Baadaye zikaja zetu, kuanzia wimbi lililofuata sinema ya Girlfriend ya mwaka 2003 hadi enzi za Steven Kanumba. Mwenye banda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuijua deki kwa undani, kwa sababu ikikwama katikati ya mapigano, watu hawaanzi kulaumu CD. Wanadai hela yao.

Nianze na kitufe kimoja kwenye rimoti, kilichoandikwa P-SCAN, maana hicho ndicho kilichopandisha bei za deki nyingi na ndicho kinachoeleweka kidogo kuliko vyote. Ni cha skani progresivu, yaani kuichora picha nzima kwa mkupuo mmoja. Picha ya PAL, mfumo tuliouzoea Tanzania, ina mistari 625, na 576 kati yake ndiyo inayobeba kinachoonekana. TV ya chogo, ile ya zamani iliyotokeza nyuma, haiichori yote pamoja. Ndani ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde inachora mistari ya witiri, wa kwanza, wa tatu, wa tano, mpaka chini. Sehemu inayofuata inarudi juu na kuchora ile ya shufwa. Jicho letu halina kasi ya kuzitenganisha nusu hizo mbili, kwa hiyo tunaona picha moja. Deki yenye skani progresivu inazikutanisha nusu hizo ndani yake kwanza, halafu inaitoa picha ikiwa imetimia.

Kwenye chogo jambo hilo halina faida hata chembe, kwa kuwa chogo la kawaida limeumbwa kupokea nusu nusu. Tena lina hasara: mtoto akikibonyeza kitufe hicho kwa bahati mbaya, kioo kinaweza kuingia giza au kujaa mistari, na deki nzima ikapelekwa kwa fundi ikiambiwa imekufa. Nimeona fundi wa Mpanda mjini akiipokea deki ya namna hiyo, akachomeka, akabonyeza mara moja, akairudisha kwa mwenyewe bila kuifungua na bila kumlipisha. Akatumia dakika zaidi kumweleza habari ya waya. Ule waya wa njano unaokuja ndani ya boksi hauwezi kupitisha picha ya skani progresivu. Inahitaji waya tatu za picha, nyekundu, kijani na bluu, au HDMI kwa deki zilizokuja baadaye. Mtu aliyelipia skani progresivu akaunganisha kwa waya wa njano amenunua kitu ambacho hajawahi kukiona.

Fundi huyo huyo ndiye aliyenifundisha, kwa kumsikiliza tu, kwamba swali la kwanza la kuchagua deki halihusu deki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nataka deki nzuri, hela ninayo.”

“TV ya nyumbani ni chogo au flati?”

“Chogo, ya inchi ishirini na moja.”

“Na umeme?”

“Tunatumia sola.”

“Basi hii ya bei kubwa iache, mama. Chukua hii ndogo, na hela inayobaki iongezee kwenye betri.”

Angeweza kumuuzia ile kubwa. Mama alikuwa tayari kulipa.

Flati ni habari nyingine. Kioo chake kina vitone vilivyopangwa, na vyote vinawaka pamoja wakati wote, kwa hiyo nusu za picha ni lazima ziunganishwe na kifaa fulani: ama deki, ama TV yenyewe. Hapo ndipo penye uamuzi wa fedha. TV ikiwa na akili ya kuunganisha vizuri, deki ya bei nafuu inatosha, iipelekee nusu zake na TV imalize kazi. TV ikiwa dhaifu, deki yenye uwezo inaiokoa. Maandishi ya kwenye boksi hayakuambii lolote kati ya hayo mawili, maana karibu kila boksi linajisifu kwa maneno yale yale. Inabidi kujaribu, na kujaribu kwenyewe kuna namna yake.

Sinema za kawaida za Marekani zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Zikiwekwa kwenye DVD ya PAL zinaharakishwa kidogo zifike 25, ndiyo maana sinema ya saa mbili huisha kwenye dakika ya 115. Kila picha inakatwa nusu mbili za wakati ule ule mmoja, na kuzirudisha pamoja ni kazi nyepesi ambayo hata deki duni inaiweza. DVD ya NTSC, ile inayotoka Marekani, ni ngumu zaidi: picha moja hupewa nusu mbili, inayofuata hupewa tatu, ili 24 zitoshe kwenye nusu 60 za kila sekunde, na deki lazima iutambue mpangilio huo ndipo iunganishe inavyostahili. Yves Faroudja, mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi California, alijijengea jina kwa kutatua matatizo ya aina hiyo, na zamani jina lake lilibandikwa kwenye mashine za gharama kama muhuri wa ubora.

Lakini mtihani mgumu kuliko wote uko kwenye CD zetu wenyewe. Bongo Movie nyingi za miaka hiyo, na karibu kila harusi ya mtaani, zilipigwa kwa kamera za video zinazochukua nusu nusu tangu mwanzo. Nusu ya pili imepigwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde baada ya ya kwanza, na katika muda huo mkono wa mchezaji umeshasogea. Deki isiyo na akili ikizibandika nusu hizo pamoja, ukingo wa mkono unachanikachanika kuwa vijistari. Nyingine inakwepa tatizo kwa kutupa nusu moja na kuirudufu iliyobaki, na hapo nondo za dirisha zinatetemeka na mistari ya kitenge inameremeta ovyo. Deki nzuri inachunguza kila eneo la picha: palipotulia inaunganisha nusu zote mbili, penye mwendo inakadiria mistari inayokosekana, na inabadilika hivyo ndani ya picha ile ile moja.

Kwa hiyo muuzaji akikuwekea sinema ya Marekani yenye magari yanayolipuka, anakuonyesha mtihani rahisi. Anayejua huja na CD ya harusi. Huipeleka mpaka pale maharusi wanapofungua muziki, wapambe wamesimama nyuma na vitambaa vya mistari, kamera inazunguka. Anaangalia mikono. Anazima P-SCAN, anaangalia tena sehemu ile ile. Akiona TV imefanya vizuri kuliko deki, anarudisha ile ya bei kubwa rafuni na roho yake imetulia.

Kusoma CD ni mlango wa pili. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, ya matabaka mawili 8.5, na katika hiyo ya pili lenzi lazima ibadili umakini kutoka tabaka moja kwenda jingine katikati ya sinema. Deki nzuri husita kidogo tu. Mbaya huganda, wengine huko barazani wakadhani umeme umekatika. Data ya DVD ya tabaka moja huanzia ndani, karibu na tundu la katikati, ikielekea ukingoni, hivyo CD iliyopinda kidogo itacheza vizuri dukani kwa dakika tano za kwanza na kukusaliti nyumbani mwishoni mwa hadithi. Mjuzi anaruka moja kwa moja hadi sura ya mwisho. Kisha anaweka VCD. Taa ya kusomea DVD ina urefu wa wimbi wa nanomita 650, ya CD na VCD ni 780, na ni taa mbili zinazochoka kila moja kwa wakati wake. Deki iliyotumika inaweza kusoma DVD vizuri sana na kuikataa kila VCD unayoipa. Anayenunua deki iliyotumika bila kujaribu zote mbili amenunua nusu ya deki.

Mwenye ndugu Muscat au Marekani aulize pia habari ya kanda. Watengenezaji waliigawa dunia: sisi tuko kanda ya 5, Omani na sehemu kubwa ya Ulaya ni ya 2, Marekani ya 1, na deki iliyofungiwa kanda moja itazikataa CD za kanda nyingine hata kama zimenunuliwa kihalali kabisa. Nyingi za bei nafuu zinacheza zote, na kwa jambo hilo naziona zina adabu kuliko zile za majina makubwa.

Umeme nao una neno lake. Kwa miaka mingi Mpanda iliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na taa zilizokuwa zikififia saa za jioni zilitufundisha kugeuza deki na kusoma kibandiko cha nyuma kabla ya kusoma bei. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 itaendelea kucheza umeme ukishuka. Iliyoandikwa 220 hadi 240 inataka stebilaiza, na bei ya stebilaiza lazima iingie kwenye hesabu. Kwa watu wa sola kuna zenye tundu la volti 12, unazichomeka kwenye betri moja kwa moja bila kupoteza nguvu kwenye invata. Sijawahi kuona tangazo linaloisifu sifa hiyo, nami ningeiweka juu ya skani progresivu kwa nyumba nyingi ninazozifahamu.

Kuhusu sauti sitakawia. Wengi wetu hom thieta yetu ni sabufa na spika zake mbili, zinazoingia kwa waya mwekundu na mweupe. Kulipia deki yenye matundu sita ya sauti ni haki ya mwenye spika sita. Jambo moja tu la kuangalia: kuna DVD zenye sauti ya DTS, na deki nyingi za bei ya chini hazina uwezo wa kuifungua. Ukiichagua sauti hiyo picha inakuja, midomo inacheza, kimya. Ingia kwenye menyu uchague Dolby au sauti ya kawaida.

Siku hizi vijana wanaangalia kwenye simu na flashi, na wapo wanaosema ufundi huu umekwisha. Sikubaliani nao. Kabatini mwa nyumba nyingi za Kasokola kuna CD za harusi, za kipaimara, za mahafali, za misiba, zilizochomwa kwenye kompyuta za studio za mjini, na hazipo mahali pengine popote. CD ya kuchoma haina vishimo vilivyogandamizwa kiwandani. Ina tabaka la rangi lililounguzwa kwa mwanga, na joto na jua huendelea kulififisha mwaka hadi mwaka. Mwangaza unaorudi kwenye lenzi ni hafifu, na deki mpya za rahisi mara nyingi zinakata tamaa mapema, zinaandika hakuna CD.

Fundi niliyemtaja ana deki kubwa ya zamani chini ya meza yake ambayo hamuuzii mtu. Lenzi yake anaisafisha kwa pamba na spiriti. CD anaifuta kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaokatiza njia ya data deki inaweza kuufidia, lakini unaofuata njia hiyo unafuta kipande kirefu mfululizo. Anaiacha ijaribu, inarudi nyuma, inajaribu tena. Niliikuta ikisoma CD ya kipaimara iliyokuwa imekataliwa na deki tatu za mtaani, naye akaihamishia yote kwenye flashi isipokuwa dakika chache za mwisho, kule ukingoni ambako rangi ilikuwa imeshaharibika.