Umbo la Gitaa la Umeme na Mtindo wa Upigaji: Mtazamo kutoka Bukoto, Kampala

Uhakiki wa muziki wa Uganda huelekea kuvisifu vidole vya mpigaji na kulisahau gitaa lenyewe. Makala haya yanadai kwamba ala ni sehemu ya mtindo. Kadongo kamu, jina la Kiluganda lenye maana ya gitaa dogo moja tu, ulijengwa juu ya gitaa lisilo la umeme. Sauti yake hufifia upesi. Hivyo mpigaji hurudia kuzigusa nyuzi, akibeba besi na usindikizaji peke yake. Katika gitaa la umeme la mbao nzima, uzi hutetema kwa muda mrefu zaidi. Pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya, ikiwa karibu na kidaraja hutoa mlio mkali unaopenya ngoma na tarumbeta. Ikiwa karibu na shingo, mlio huwa mzito. Urefu wa uzi nao una athari: Stratocaster, iliyoanza kuuzwa 1954, ina milimita 648, Les Paul takribani 628. Kwa nyuzi na toni zilezile, ya kwanza huhitaji mkazo mkubwa zaidi.

Mtafiti anayerekodi bendi Bukoto akiandika jina la wimbo na la mpigaji pekee, wasomaji wake hawataweza kutenganisha ubunifu wa mtu na tabia ya chombo. Kwa hiyo, aina ya gitaa, pikapu, nyuzi na amplifaya ziingizwe katika kumbukumbu za hifadhi kama ile ya Klaus Wachsmann iliyopo Chuo Kikuu cha Makerere.