Kete Zitembee, Bao Litulie

Bao letu la nyumbani ni la mninga, lina mashimo 32, na kete zake 64 ni komwe zilizong'arishwa na vidole vya watu wengi kuliko ninaowajua. Nilitaka kete hizo zitembee zenyewe. Si katuni ya kompyuta, ni picha za kawaida: sogeza kete kidogo, piga picha, sogeza tena, piga tena. Ukizipanga picha hizo zipite 12 kwa sekunde, jicho linaamini kwamba kete imeinuka ikaenda shimo la pili bila mkono wa mtu. Mchezo wa zamu moja tu ulikula picha 240. Hizo ni sekunde 20.

Usiku nilipozipiga picha hizo sikuwa na stendi ya kamera. Nikashika kamera mkononi, viwiko nimeviegemeza kwenye mgongo wa kiti. Nilipozitazama zikipita kwa mara ya kwanza, kete zilitembea, ndiyo, lakini bao nalo lilirukaruka kama limefungwa nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya vumbi. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu: kulaza picha moja juu ya nyingine na kuzilinganisha hadi bao litulie.

Unazifungua zote pamoja katika programu ya kuhariri picha, iwe Photoshop au GIMP ambayo haina malipo, kila picha ikiwa leya yake, zimelaliana kama kanga kabatini. Ya chini kabisa unaifunga isisogee. Ya juu yake unaififisha nusu ili ya chini ionekane, na papo hapo unaona mabao mawili, kila shimo na pacha wake. Sasa zinahitajika alama mbili zilizo mbalimbali. Mimi nilikuwa na kichwa cha msumari ukingoni kushoto na ufa mwembamba kama unywele kwenye kona ya kulia. Unaleta msumari juu ya msumari. Kisha msumari huohuo unaufanya kitovu, unaizungusha leya polepole mpaka ufa uangukie ufa. Mwisho ni vishale vya kibodi, pikseli moja kwa kila mguso. Kingo zitapishana, nazo utazikata. Ndiyo maana upigaji wa picha usibane sana kitu chenyewe, uache nafasi pembeni.

Lakini jicho huchoka na kuanza kukubali kisicho sawa. Kwa hiyo kuna modi ya kuchanganya leya ambayo hutoa rangi ya picha moja kutoka rangi ya nyingine, kama hesabu ya darasa la pili. Zikilingana, jibu ni sifuri, na sifuri kwenye kioo ni weusi. Picha zikiwa hazijakaa, unaona mistari myeupe ikizunguka kila shimo, kama chaki. Gusa kishale, mistari inakonda. Gusa tena, inakatika vipande. Mguso mmoja zaidi, na bao zima linazama gizani: ukingo, msumari, ufa, mashimo yote. Katika giza lile kinabaki kitu kimoja kinachong'aa. Ni kete, nayo inaonekana mara mbili: pale ilipokuwa na pale ilipokwenda. Nimefanya hivyo mara zaidi ya mia mbili na sijawahi kuchoka kuiona. Kila kilichotulia kimefutika, na mwendo umebaki peke yake.

Programu nyingine zinaweza kulinganisha zenyewe. Zinatafuta nukta zinazofanana kati ya leya, kisha zinasogeza na kuzungusha hadi nyingi zikubaliane. Kwa picha chache za mandhari zinasaidia sana, wala sizidharau. Ila mashine haijui ninachotaka kitulie. Kete zikijaa kwenye picha na zote zikisogea upande mmoja, inaweza kuzichukua hizo kuwa ndizo ardhi, ikatuliza kete na kutembeza bao. Uamuzi huo ni wa mtu, na ni mgumu kuliko unavyoonekana, maana mkono ulioyumba kando hubadilisha hata mtazamo: kilicho karibu na kamera kinahama zaidi kuliko kilicho mbali. Ukituliza bao, mkeka ulio chini yake utacheza. Ukituliza mkeka, bao litacheza. Nilichagua bao, na mkeka nikaukata nje ya picha.

Jambo jingine nililijua kabla sijawahi kushika kompyuta, kwa kuwatazama maseremala. Fundi anayekata mbao ishirini za urefu mmoja hupimia zote kwa ubao wa kwanza. Akipimia kila ubao kwa uliotangulia, unene wa mstari wa penseli unarithiwa, na wa ishirini hautaingia mahali pake. Leya nazo ni hivyo. Kila moja ilinganishwe na ile ya kwanza. Kosa la pikseli moja halionekani kati ya picha mbili, lakini likirithiwa mara 200 upande uleule, bao litakuwa limeelea pikseli 200.

Je, mtikisiko wote ni adui? Hapana. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, iliyohuishwa na Willis O'Brien na wenzake, manyoya ya sokwe yanasisimka muda wote, kwa sababu vidole vya mafundi viliyagusa kati ya picha na picha. Ninayapenda manyoya yale kuliko mngurumo wake. Kete zangu nazo zina kigugumizi kidogo zinapoingia shimoni, na sikukirekebisha. Kinachotembea kikitetemeka kinaonekana kiko hai. Kilichopaswa kutulia kikitetemeka, mtazamaji anaanza kumwona mpiga picha badala ya kete.

Siku ya nne ya kazi hiyo nilimpelekea simu yenye video mzee mmoja wa kibarazani kwetu, mchezaji wa bao tangu ujana wake. Akaisogeza mbali na macho, akatazama sekunde zote 20 midomo ikihesabu.

"Rudisha nyuma, mwanangu."

Nikarudisha. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya shimo la tatu.

"Hapa kakosea. Angeanzia hili, angekula nyingi zaidi."

"Kweli, mzee?"

Hakunijibu. Alikuwa ameshalivuta bao lake, anazipanga kete kama zilivyokuwa kwenye video, moja moja, ili anionyeshe.