Mswada wa Mzazi Mikononi mwa Mwana: Mintarafu ya Maandishi ya Mathias Mnyampala

Kila afapo mwandishi, maneno manne hutumiwa ovyo katika taazia, katika barua za ofisi na hata katika dibaji za vitabu: urithi, mirathi, amana na mswada. Katika makala haya twakusudia kuyahakiki maneno hayo, na ili mjadala usielee, tumechagua mfano mmoja ulio karibu: maandishi ya Mathias Mnyampala wa Ugogo, na kazi ya mwanawe, Charles Mnyampala, ya kuyatunza.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, wakati Ugogo ulipokuwa ukiingia katika ile njaa kuu ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Alifariki mwaka 1969. Katika maisha hayo mafupi alikuwa mwalimu, karani, na mtumishi wa mahakama. Na kando ya kazi hizo aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954), Diwani ya Mnyampala (1963), tenzi za Enjili na Zaburi, na hadithi ya Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Wako waliosema kuwa vina na mizani ni mali ya watu wa pwani pekee. Mgogo huyu, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, aliwajibu kwa diwani nzima.

Walakini wengi wetu twamjua kwa neno moja tu: ngonjera. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitolewa mwaka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa amekwisha kufa, navyo vikaenea shuleni kwa kuwa viliitikia wito wa Mwalimu Nyerere kwa washairi walieneze Azimio la Arusha. Kwa maoni yetu ngonjera hizo si kilele cha usanii wake. Mara nyingi mhusika mmoja hukosea ili mwenzake apate kumfundisha, na msomaji hujua mapema nani atashinda. Diwani ina kina zaidi. Lakini shule huhifadhi kile inachokifundisha, na kisichofundishwa huachwa kwenye sanduku la familia.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya mwana. Hati ambazo hazikuwa zimechapwa zilibaki mikononi mwa familia kwa miongo minne. Mwaka 2013 tawasifu ya Mnyampala, Maisha ni Kugharimia, ilichapishwa nchini Ufaransa. Na mwaka huohuo mtafiti Mathieu Roy alitetea mjini Paris tasnifu yake juu ya mshairi huyo. Kabla ya hapo, mwaka 1995, kile kitabu cha historia ya Wagogo kilikuwa kimetolewa Marekani kwa Kiingereza, kikifasiriwa na Gregory Maddox. Hatuwaonei wivu wageni hao, nao wastahili shukrani. Yafaa hata hivyo kutambua kwamba mtafiti wa nje hana la kutafiti iwapo mtu wa nyumbani ameyafunikia maandazi karatasi za babaye.

Tuutazame mfano wa jina la kitabu hicho. Kugharimu ni kuwa na bei, au kuingia katika gharama. Kugharimia ni kulipa gharama kwa ajili ya jambo au mtu fulani. Mhariri mwenye haraka, akidhani anasanifisha, angeweza kuandika “Maisha ni Kugharimu”, na maana yote ya mwandishi ingepotea: aliyekuwa mtoaji angegeuka kuwa kitu chenye bei. Nani angemzuia? Ni yule tu aliye na karatasi yenye mkono wa marehemu.

Sasa tuyarejee maneno yetu. Mirathi ni neno la mahakama: ni mali igawanywayo kwa mafungu, na daftari la mashairi haligawanywi kwa mafungu bila kuharibika. Urithi ni pana mno. Aliyerithi shamba aruhusiwa kung'oa mibuyu. Amana ndilo neno lifaalo, kwa kuwa mwenye amana hutakiwa kuirejesha kama alivyoipokea. Kuhusu mswada, asili yake ya Kiarabu yatokana na weusi, yaani karatasi iliyotiwa wino kabla ya kusafishwa nakala. Leo neno hilohilo labeba pia sheria ijadiliwayo Bungeni, tena kwa tahajia mbili. Twapendelea kwamba karatasi za mwandishi aliyefariki ziitwe hati asilia, na mswada ubaki kuwa kazi iliyo njiani kuelekea kwa mpiga chapa.

Lakosekana jina la mtu mwenyewe. Mahakama zetu zamjua msimamizi wa mirathi. Kwa mfano huo twapendekeza msimamizi wa maandishi, kwa mtu mwenye dhamana ya kutunza hati, kuamua ni nakala gani ichapwe, na kumjibu mhariri.

Pendekezo hili si la kupamba kamusi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mwandishi pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa vitabu vya Mnyampala ulikoma mwishoni mwa mwaka 2019. Tangu hapo mpiga chapa yeyote aweza kuitoa upya Diwani, kwa usahihi au kwa makosa, bila kubisha hodi kwa mtu. Mwana hana tena haki ya kukataza; alicho nacho ni hati, ambazo kwazo toleo baya laweza kuonyeshwa kuwa baya. Basi lililo la haraka ni kufanya nakala za hati hizo na kuziweka mahali ambapo mwalimu wa Dodoma aweza kuzifikia, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kiko umbali mfupi tu kutoka Ihumwa.