Alizeti Mbili

Picha ya ua iliyopigwa kwa kamera hugeuzwa siku hizi kuwa mchoro wa rangi kwa njia mbili, na njia hizo hazifanani ila kwa jina. Katika ya kwanza, mtu huichagua picha, hubonyeza mahali pamoja juu ya kioo cha simu, na punde si punde ua limekwisha kuvikwa mipigo ya brashi kana kwamba limetoka chumbani mwa mchoraji. Katika ya pili, mtu huitandika picha chini, huweka tabaka tupu juu yake, akashika kalamu ya kompyuta na kupaka petali moja baada ya moja kwa mkono wake, hata picha ya chini ikaweza kuondolewa na mchoro ukabaki peke yake. Watu huziita kazi zote mbili sanaa ya kompyuta. Mimi nami niliziita hivyo, na kwa sababu hiyo nilimdhulumu mtu.

Muhula mmoja, katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikifundisha, niliwapa wanachuo picha moja ya alizeti iliyopigwa asubuhi kando ya shamba letu la mboga. Nyuma ya alizeti ilionekana seng'enge, na nyuma ya seng'enge kamba ya kuanikia nguo yenye shati moja jeupe. Niliwaambia waigeuze kuwa mchoro. Kazi mbili nilizitundika ukutani mwa bwalo. Ya kwanza niliipa alama 17 katika 20, ya pili 9.

Ile ya kwanza iling'aa. Ilinikumbusha alizeti alizozichora Vincent van Gogh mjini Arles, Ufaransa, mwaka 1888. Wala ukumbusho huo haukuja kwa bahati. Mwaka 2015 wataalamu watatu wa mji wa Tübingen, Ujerumani, Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge, walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutwaa maumbo ya vitu kutoka katika picha moja, na mtindo wa rangi na mipigo kutoka katika picha nyingine, kisha ikaviunganisha. Walizivika nyumba za kando ya mto Neckar mtindo wa mchoro wa van Gogh wa usiku wenye nyota. Mwaka uliofuata programu iitwayo Prisma ilileta ufundi wa namna hiyo katika simu za watu wote. Mwanachuo wangu alikuwa amebonyeza mara moja tu, na hakunificha. Mimi ndiye sikuuliza.

Siku ya tatu, nikingoja chakula cha mchana, nilisimama mbele ya picha zile kwa muda mrefu kuliko niliosimama nilipokuwa nikitoa alama. Nikaona shati. Katika picha ya kwanza shati lile lilikuwa limepakwa kwa bidii ile ile iliyopakiwa ua: mipigo minene, yenye kuzunguka, yenye upana mmoja, ikipita juu ya petali, juu ya seng'enge, juu ya nguo na juu ya mbingu pasipo kupumzika. Hapakuwa na kitu kilichopendwa kuliko kingine. Mpigo ulioanza katika petali uliendelea hadi hewani, maana haukujua kwamba petali ilikuwa na mwisho. Tazama alizeti za van Gogh, hata katika nakala ya kitabuni, uone tofauti. Petali zake hupakwa kwa kuufuata mwelekeo wa kila moja, na mahali pa mbegu rangi hurundikwa kwa madonge. Aliandika katika barua zake kwamba ilimpasa kufanya kazi haraka tangu jua kuchomoza, kwa kuwa maua hunyauka upesi. Unene wa rangi ile ulikuwa na sababu. Katika simu umebaki unene, sababu imetoweka.

Picha ya pili, niliyoipa 9, haikuwa na shati wala seng'enge. Mwenye kuichora alikuwa ameviondoa. Petali zilitoka moyoni mwa ua kwenda nje kwa mipigo mirefu, na moja, ya upande wa kushoto, ilikuwa imekunjika. Katika picha ya kamera petali hiyo huioni mpaka uonyeshwe. Mipigo yake yote ilikuwa ya mtu aliyeuliza, petali hii yaenda wapi? Sisemi kwamba kazi ile ilikuwa njema yote. Shina lilikuwa kama kamba. Vivuli vilikuwa vimekufa, vya rangi ya matope, na sababu naijua: alizichota rangi zake kutoka katika picha ya kamera, na kamera hukitia kivuli weusi zaidi kuliko jicho. Mchoraji Mwingereza David Hockney alianza mwaka 2009, akiwa amepita umri wa miaka 70, kuchora maua juu ya simu kwa kidole, na mwaka 2010 michoro ya namna hiyo ilionyeshwa Paris juu ya vioo vya simu na iPad. Lakini yeye aliyatazama maua yenyewe, na vivuli vyake vina zambarau na buluu.

Mwanachuo wa kwanza alinijibu kwa hoja yenye nguvu. Alisema kuchagua nako ni kazi, na mpiga picha pia hubonyeza mara moja tu. Ni kweli. Lakini mpiga picha huchagua saa, mwanga, na mahali pa kusimama. Picha ile niliipiga mimi. Nilipomwuliza kwa nini shati limebaki, alilitazama kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza.

Alama zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika daftari la chuo, na ofisi haikukubali zibadilishwe. Nilimwomba radhi yule wa pili, nikamwambia habari ya vivuli, arudi shambani na kalamu yake akavitazame. Akanijibu, "Mwalimu, alizeti zimekwisha vunwa." Basi alikwenda kuchora maboga.