Uvujaji au Utelekezaji? Uhakiki wa Istilahi na Kiraka cha KVM kwa Mtazamo wa Nzahaha, Rusizi

Ikisiri

Makala hii inahakiki matengenezo ya kosa moja la kumbukumbu katika KVM, sehemu ya kiini cha Linux inayowezesha mashine pepe, pamoja na istilahi inayotumika kulitaja kwa Kiswahili. Inadai kwamba neno "uvujaji" humwelekeza msomaji kwenye tiba ya kuziba, ilhali kosa lenyewe ni la umiliki na wakati. Kiraka cha mwaka 2020, ambacho nacho kilihitaji kusahihishwa mwaka 2021, ndicho ushahidi mkuu. Umurenge wa Nzahaha unatumika kuwa mahali pa kupimia uzito wa suala hili katika utawala.

1.0 Utangulizi

Nzahaha ni umurenge wa wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Wilaya hiyo inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi, na Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara ya mpakani muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Huduma za serikali nazo zimehamia mtandaoni: tangu mwaka 2015 mwananchi huomba hati nyingi kupitia Irembo, jukwaa ambalo jina lake kwa Kinyarwanda lina maana ya lango. Nyuma ya lango la aina hiyo huwa kuna seva, na kwa desturi ya siku hizi seva moja hubeba mashine pepe nyingi. Kwa hiyo, namna kosa la seva linavyoelezwa katika lugha rasmi si suala la mafundi peke yao.

2.0 Neno na Kinachotajwa

Programu huomba nafasi ya kumbukumbu kutoka kwa mfumo endeshi, huitumia, kisha hupaswa kuirudisha. Ikipoteza anwani ya nafasi hiyo kabla ya kuirudisha, nafasi hubaki imeandikwa kuwa inatumika ingawa haina mtumiaji. Katika programu ya kawaida, hasara hiyo huisha programu inapofungwa. Katika kiini cha mfumo endeshi, huweza kudumu mpaka mashine iwashwe upya. Na katika seva yenye mashine pepe, hasara iliyotokana na mteja mmoja huwaangukia jirani zake wote.

Hapo hakuna kilichotoka nje. Kilichopo ni mali iliyoshikiliwa bila mwenyewe. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili anayekutana na "uvujaji wa kumbukumbu" hana sababu ya kufikiri hivyo. Kwake "kumbukumbu" ni kumbukumbu za mkutano, na ni ile "Kumb. Na." iliyo juu ya barua ya ofisi. "Kuvuja" ni kwa siri iliyotoka na kwa mtihani ulioonwa kabla ya siku yake. Maneno hayo mawili yakikaa pamoja, maana ya kwanza inayomjia ni kwamba taarifa za wananchi zimefika mikononi mwa watu wasiohusika.

Inaweza kupingwa kwamba hata Kiingereza kinatumia sitiari ya maji, na kwamba istilahi ni makubaliano tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini Kiingereza kina neno moja la kumbukumbu ya kompyuta na jingine la kumbukumbu za ofisi. Kiswahili kimevibebesha vitu hivyo viwili neno moja, kisha kikaongeza kitenzi ambacho tayari kina kesi mahakamani.

3.0 Kiraka na Kiraka cha Kiraka

Kosa linalohakikiwa lilikuwa katika kitendaji kiitwacho kvm_io_bus_unregister_dev, ambacho huondoa kifaa kimoja katika orodha ya vifaa vya mashine pepe. Msimbo huo haufuti jina katika orodha iliyopo, kwa kuwa huenda wengine wanaisoma wakati huohuo. Huandika orodha mpya yenye jina moja pungufu, huiweka mahali pa ile ya zamani, husubiri wasomaji wa zamani wamalize, ndipo huitupa ya zamani. Hivyo, ili kupunguza, ni lazima kwanza kuomba nafasi zaidi.

Nafasi hiyo ikikosekana, msimbo wa awali uliitupa orodha nzima. Vifaa vingine vilivyokuwa ndani yake havikufikiwa tena, na kumbukumbu yake haikurudishwa. Syzbot, mfumo wa Google unaopima kiini cha Linux bila kukoma, uliligundua kosa hilo, na kiraka kikatolewa Septemba 2020. Katika sajili ya kimataifa ya udhaifu wa programu kosa hilo linaitwa CVE-2020-36312, na maelezo yake yanasema kwamba linahusu matoleo yaliyotangulia toleo la 5.8.10.

Kiraka hicho kiliongeza kitanzi kifupi kinachoharibu vifaa vilivyobaki, na kwa kipimo cha kuziba kilifaulu. Kasoro yake ilikuwa mahali pa kitanzi: vifaa viliharibiwa kabla ya orodha kuondolewa, na kabla ya wasomaji kumaliza. Msomaji aliyekuwa bado ameshika orodha ya zamani angeweza kugusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Aprili 2021 marekebisho mawili yaliandikwa. Moja lilikihamisha kitanzi kikae baada ya kusubiri wasomaji. La pili liliuzuia msimbo ulioita kitendaji hicho usiendelee kupita katika orodha iliyokwisha kuharibiwa.

Haki inadai kusema kwamba njia hii ya msimbo hupitwa mara chache, kumbukumbu inapokosekana kabisa. Hata hivyo, somo lake ni pana. Kiraka cha kwanza kiliuliza, "Nani hajarudisha?" Hakikuuliza, "Nani bado ameshika?" Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, hapa ufa ulizibwa huku watu wangali wakipita. Kosa la kusahau kurudisha huchosha seva polepole. Kosa la kurudisha mapema huweza kuiangusha papo hapo, au kumfungulia mshambuliaji njia.

4.0 Athari kwa Utawala

Athari ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya kulinda data binafsi na faragha inamtaka mdhibiti wa data kuitaarifu mamlaka husika ndani ya saa 48 baada ya kujua kwamba usalama wa data umevunjwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inatoa saa 72. Ofisa wa Nzahaha au wa makao ya wilaya akipokea taarifa ya Kiswahili isemayo "kuna uvujaji wa kumbukumbu katika seva", anaweza kutoa tahadhari ya bure. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: akishazoea kuambiwa kwamba uvujaji ni jambo la kiufundi tu, siku data za watu zitakapovuja kweli saa hizo zitapita bila hatua.

Athari ya pili ni ya ununuzi na ukaguzi. Mkaguzi aliyesoma maelezo ya CVE-2020-36312 peke yake angeridhika na toleo la 5.8.10. Marekebisho ya 2021 yalipata nambari zake za sajili, CVE-2021-47060 na CVE-2021-47061, mwaka 2024. Kwa takriban miaka mitatu, orodha rasmi ilionyesha ugonjwa wa kwanza na kunyamazia madhara ya dawa.

5.0 Hitimisho

Makala hii inapendekeza "utelekezaji wa memori" kwa kosa la kwanza, na "matumizi baada ya kuachiliwa" kwa la pili. "Kutelekeza" kunabeba kile ambacho "kuvuja" kunakiacha: kwamba kulikuwa na mwenye wajibu, naye hakuutimiza. "Uvujaji" ubakizwe kwa data zilizotoka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuutofautisha msamiati huu kabla haujaganda katika sheria na mikataba ya nchi wanachama.

Kwa upande wa sera, mkataba wa matunzo ya seva za umma usiishie kuuliza kama kiraka kimewekwa. Uulize pia kama masahihisho ya kiraka hicho yamefuatiliwa, na ni nani anayelipwa kuyafuatilia.